Sindano, Kisu au Vidonge: Tiba ya Homoni kwa Saratani ya Tezi Dume Iliyosambaa



Likizo ya mwaka juzi nilimsindikiza baba yangu mkubwa hospitalini. Anaishi wilaya ya Chamwino, na amekuwa katekista wa kigango chao tangu kabla mimi sijazaliwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika mgongo, na sisi nyumbani tukasema ni jembe. Usiku alikuwa akiamka mara nne au tano kwenda kukojoa, tukasema ni uzee. Alipopimwa damu, akachukuliwa kinyama na kupigwa picha, ikaonekana ana saratani ya tezi dume na tayari imefika kwenye mifupa ya mgongo.

Daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Alimweleza mzee kwa kifupi kwamba kuna njia mbili: kuondoa korodani kwa upasuaji, au kuchomwa sindano kila baada ya miezi mitatu, maisha yake yote. Baba mkubwa alinyamaza kidogo, akasema: "Mimi si maksai." Akachagua sindano.

Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu: maksai ni dume la ng'ombe lililohasiwa ili lilime na kuvuta mkokoteni. Mzee wa Kigogo akilitamka neno hilo juu ya nafsi yake, hatanii.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi pembeni yake, frateri wa miaka 25 anayesoma falsafa, na sikuwa na la kusema. Sikujua tofauti ya njia zile mbili ni nini hasa. Tangu siku ile nimesoma, nimewauliza madaktari wawili, na nimemsumbua sana Sista mmoja muuguzi. Ninayoyaandika hapa hayachukui nafasi ya daktari. Yanaweza tu kukusaidia usikae kwenye benchi kama nilivyokaa mimi.

Kwanza, neno lenyewe

Mitaani tunasema "fulani ana tezi dume", kana kwamba tezi dume ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo. Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinauzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya mbegu za kiume. Umri unapokwenda, tezi hiyo hukua kwa wanaume wengi na kubana mrija wa mkojo. Hiyo si saratani. Saratani ni jambo jingine, ingawa dalili za mwanzo zinaweza kufanana, na ndiyo maana mtu hawezi kujipima kwa kuhesabu safari za chooni. Miongoni mwa wanaume wa Tanzania, hii ndiyo saratani inayoongoza. Wengi hugundulika ikiwa imeshatoka kwenye tezi na kwenda mifupani, hasa kwenye mgongo na nyonga.

Ikifika huko, kuikata tezi yenyewe hakuimalizi tena. Hapo ndipo tiba ya homoni inapoingia.

Saratani inayokula chakula cha mwanamume

Mwaka 1941 daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hutegemea homoni ya kiume, testosteroni. Waliwaondoa korodani wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, na watu waliokuwa wakiteseka kwa maumivu ya mifupa wakapata nafuu. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Miaka zaidi ya 80 imepita, na karibu dawa zote nitakazozitaja zimejengwa juu ya wazo lile lile: mnyime mdudu chakula chake.

Zaidi ya tisa ya kumi ya testosteroni hutengenezwa na korodani. Kiasi kidogo hutoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Korodani nazo hazifanyi kazi kwa kujiamulia, bali hupokea amri kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa hiyo daktari anaweza kuikata njia hii mahali patatu: azime amri inayotoka kichwani, aondoe kiwanda chenyewe, au aifunge mlango saratani ili homoni isiingie.

Upasuaji huondoa kiwanda. Ni operesheni ndogo, kwa kawaida ya chini ya saa moja, na inaweza kufanywa kwa ganzi bila kumlaza mgonjwa usingizi. Testosteroni hushuka ndani ya saa chache tu, na kwa suala la kasi hakuna sindano inayoshinda hapa. Mgonjwa ambaye saratani inakaribia kubana uti wa mgongo, miguu imeanza kufa ganzi au kukosa nguvu, hana wiki za kusubiri. Hulipiwa mara moja, na hakuna tarehe ya kurudi kwa ajili ya dozi. Ubaya wake ni kwamba hakuna kurudi nyuma, na kwamba unagusa mahali ambapo mwanamume ameweka jina lake. Jambo ambalo wazee wengi hawaambiwi: daktari anaweza kuondoa nyama ya ndani tu na kuacha ganda la nje, ili mfuko usionekane mtupu. Baba mkubwa aliposikia hilo, miezi mingi baadaye, aliuliza kwa nini hakuna aliyelisema siku ya kwanza. Nami najiuliza.

Sindano huzima amri ya kichwani. Dawa zinazotumika zaidi ni goserelini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Zoladex, na leuprolaidi. Goserelini ni kipande kidogo kama punje ya mchele kinachopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo. Ya miligramu 3.6 hudumu siku 28, na ya miligramu 10.8 hudumu wiki 12. Inavyofanya kazi ni ajabu kidogo: haizimi, bali inaamrisha mfululizo, bila kupumzika, mpaka ile tezi iliyo chini ya ubongo inachoka na kuacha kusikia. Lakini kabla ya kuchoka hutii kwa nguvu. Katika wiki ya kwanza hivi testosteroni hupanda badala ya kushuka, kisha huchukua wiki tatu mpaka nne kufika chini kabisa. Mgonjwa mwenye saratani kwenye mgongo anaweza kuumia zaidi katika siku hizo, au hata kupooza. Kwa sababu hiyo daktari humpa kwanza vidonge vya bikalutamidi ili kuufunga mlango wa saratani wakati homoni imepanda. Ukiandikiwa vidonge hivyo kabla ya sindano, usivione vya ziada ukaviacha ili kuokoa fedha.

Kuna sindano nyingine, degareliksi, inayozima amri moja kwa moja bila kuipandisha kwanza, na hushusha homoni ndani ya siku tatu hivi. Hii huchomwa kila mwezi. Kuna pia kidonge cha kumeza kila siku, relugoliksi, kilichoidhinishwa Marekani Desemba 2020. Sitavikalia, kwa kuwa kwa mgonjwa wa kawaida wa Dodoma mazungumzo bado ni kati ya kisu na ile sindano ya miezi mitatu.

Bikalutamidi peke yake, je? Baadhi ya wagonjwa huipenda kwa sababu ni vidonge, na kwa sababu hamu ya tendo la ndoa haipotei sana. Lakini kwa saratani iliyosambaa, ikitumiwa bila sindano wala upasuaji, ni dhaifu kuliko hizo mbili. Matiti nayo huvimba na kuuma. Zamani vilitumika pia vidonge vya homoni ya kike. Vilikuwa rahisi na vilifanya kazi, ila viliwaletea watu damu kuganda na magonjwa ya moyo, ndiyo maana viliachwa.

Sasa jambo ambalo lingenisaidia sana pale kwenye benchi: upasuaji na sindano vikilinganishwa kwa urefu wa maisha, vinatoa matokeo yaleyale. Madhara nayo kwa sehemu kubwa ni yaleyale, kwa kuwa yanasababishwa na kukosekana kwa testosteroni, si na kisu wala na dawa. Hamu ya tendo la ndoa hupungua au hupotea, na nguvu za kiume pia. Huja fukuto la ghafla, jasho likitoka bila jua, kama lile la akina mama wanaokoma hedhi. Mifupa hupungua uimara, misuli hulegea, mwili huongezeka mafuta, sukari inaweza kupanda, na moyo wa mtu unaweza kuingia huzuni. Sauti haibadiliki kuwa ya kike, hilo ni hofu tu. Sauti ya mtu mzima imeshakomaa. Kutembea kila siku na kufanya kazi za mikono kwa kadiri ya nguvu husaidia mifupa na misuli kuliko kukaa kitini ukihudumiwa kama mgeni.

Kwa hiyo aliyeikimbia operesheni ili asiwe maksai, akachagua sindano, mwili wake utafika palepale. Madaktari wenyewe huiita sindano hiyo kuhasi kwa dawa. Tofauti zilizobaki ni kwamba sindano ikiachwa mwili unaweza kurudi taratibu, kwamba haikati kitu, na kwamba inadai uaminifu wa tarehe na fedha hadi mwisho.

Sindano ya tatu

Kudai huko ndiko kulikomshinda baba mkubwa, na hakuwa mzembe. Sindano ya kwanza alichoma mwezi Juni, baada ya mavuno, alizeti ikiwa imeuzwa. Ya pili mwezi Septemba, ng'ombe mmoja akaenda mnadani. Ya tatu ilikuwa Desemba. Mvua zilikuwa zimeanza, fedha zote zilikuwa zimekwenda kwenye mbegu, na korongo linalokata barabara ya kijijini lilikuwa limejaa. Alisema ataenda likipungua. Likapungua, yakaja maandalizi ya Noeli kigangoni, na katekista hawezi kukiacha kigango Noeli. Mgongo haukuuma. Akadhani amepona.

Mwezi Machi alishindwa kuinuka kitandani bila kushikwa. Kipimo cha PSA, kile cha damu kinachofuatilia saratani hii, kilikuwa kimepanda sana. Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua: mtu akikaa muda mrefu bila dawa, homoni ikarudi, kuanza sindano upya kunaweza kuleta tena kule kupanda kwa mwanzo. Daktari wa safari hii alikuwa na muda. Alimkalisha mzee, akamkalisha na mama mkubwa, akawachorea kwenye karatasi.

Sisemi sindano ni mbaya. Kwa mtu anayeishi Dodoma mjini, mwenye bima inayolipia dawa hiyo, na mtoto wa kumkumbusha tarehe, sindano ni njia nzuri na ana haki ya kuichagua. Sista aliniambia wapo wanaoipata bila kukosa miaka mingi. Nasema swali la kwanza lisiwe "ipi ya kiume zaidi?" Liwe: je, mwezi wa pili, korongo likiwa limejaa na ghala likiwa tupu, nitaipata? Mzee wa Bahi au Mpwapwa anayejibu hapana, akachagua upasuaji, hakuchagua tiba ya maskini. Amechagua tiba yenye nguvu sawa ambayo korongo haliwezi kuizuia.

Inapofika mahali homoni pekee haitoshi

Hakuna njia kati ya hizi inayoponya kabisa saratani iliyosambaa. Huilaza, mara nyingi kwa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, pengine zaidi, kisha inajifunza kuishi na chakula kidogo. Hapo huingia dawa kama abirateroni, inayozuia utengenezaji wa homoni hata kwenye tezi za juu ya figo na ndani ya saratani yenyewe, au enzalutamidi, inayofunga mlango kwa nguvu kuliko bikalutamidi. Iko pia tiba ya kemikali kwa dripu.

Mwaka 2017 tafiti mbili kubwa zilionyesha kwamba abirateroni ikianzwa mapema, pamoja na sindano au upasuaji, hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi moja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Dozi ya kawaida ni vidonge vinne vya miligramu 250 kwa siku, tumbo likiwa tupu, pamoja na prednisoloni. Watafiti wa Chicago (tena Chicago!) walijaribu mwaka 2018 kidonge kimoja tu pamoja na chakula, kwa kuwa chakula hufanya dawa hiyo iingie mwilini kwa wingi, na kipimo cha PSA kilishuka sawasawa na kwa dozi nzima. Ulikuwa utafiti mdogo wa watu 72, na usijipunguzie dozi mwenyewe kwa kuusoma hapa. Lakini kwa anayelipa mfukoni, ni jambo la kumuuliza daktari bila aibu.

Abirateroni haiondoi haja ya sindano au upasuaji. Hujengwa juu ya mojawapo. Nimekutana na watu wanaodhani wakipata fedha za vidonge wataachana na sindano.

Swali la katekista

Kabla ya kukubali operesheni, baba mkubwa aliniita chini ya mwembe. Alikuwa na Biblia. Kuna jirani alimwonyesha Kumbukumbu la Torati sura ya 23, palipoandikwa kwamba mwanamume aliyeharibiwa sehemu zake za siri asiingie katika kusanyiko la Bwana. Aliuliza: "Frateri, nikikatwa, nitasimama wapi Jumapili?" Kumbe ng'ombe, mvua na nauli vilikuwa juu tu. Hili ndilo lililokuwa chini.

Safari hii nilikuwa na la kusema, kwa sehemu kwa sababu ya mtihani wa Maadili. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kiungo ni kwa ajili ya mwili mzima, na kwamba kilichooza chaweza kukatwa ili kuuokoa mwili, kwa ridhaa ya mwenyewe. Lakini mzee ni mwerevu, na angeweza kunijibu: korodani zangu hazijaoza, ni nzima, kilichougua ni tezi dume. Pingamizi hilo ni la kweli, na Kanisa lilishalisikia. Tarehe 8 Oktoba 1953 Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa mfumo wa mkojo, akasema kwamba cha kuamua si kama kiungo kinachoondolewa chenyewe ni kigonjwa. Cha kuangalia ni kama kubaki kwake au kufanya kazi kwake kunaudhuru mwili mzima, kama hakuna njia nyingine ya kuuepusha au kuupunguza sana uharibifu huo, na kama faida inayotazamiwa inaifidia hasara. Sharti la pili linaweza kumsumbua msomaji wa leo, kwani sasa sindano ipo. Kwa maoni yangu, njia isiyofika kijijini kwa wakati si njia iliyopo kwa mtu huyo. Na anayedhani sindano ni safi kimaadili kuliko kisu atazame tena: vyote viwili hunyamazisha kiungo kilekile kwa lengo lilelile.

Kuhusu kusimama mbele ya watu, mwaka 2025 tuliadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso wa Nisea na tukaikariri Kanuni ya Imani kwa furaha. Wachache tulifungua sheria zake. Ya kwanza kabisa inasema kwamba aliyefanyiwa operesheni hiyo na waganga kwa sababu ya ugonjwa abaki katika safu ya wakleri. Anayezuiwa ni aliyejikata mwenyewe akiwa mzima. Kama padre hakuondolewa altareni mwaka 325, katekista wa Chamwino ataondolewa na nani? Ndoa nayo haiguswi. Udhaifu unaokuja baada ya ndoa hauifungui. Mama mkubwa, aliyekuwa akipembua mtama tukidhani hasikii, alisema bila kuinua kichwa: "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na fahali."

Nikamfungulia mzee Isaya 56, ambapo towashi anaambiwa asijiite mti mkavu, na Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi aliyebatizwa njiani na Filipo. Aliisoma ile ya pili mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Akauliza: "Kumbe alikuwa Mwafrika?"

Alifanyiwa operesheni mwezi Aprili na kurudi nyumbani siku ya pili. Baada ya wiki chache alisimama bila kushikwa. Fukuto linamsumbua, hasa usiku, na amejiwekea kitambaa mfukoni kwa ajili ya ibada za Jumapili. Wanaume wa UWAKA pale kigangoni walimwomba awasimulie, akakubali kwa sharti kwamba waje na wake zao. Anapimwa PSA kila baada ya miezi mitatu. Kipimo kijacho ni mwezi wa pili, wakati wa korongo, na ameshasema atatangulia wiki moja kabla na kulala kwa binamu yangu mjini.